Wimbo wa Mahindi ya Manjano

Miaka mimi siihesabu kwa tarakimu, naihesabu kwa tumbo. Upo mwaka wa mhogo mkavu. Upo mwaka tuliokula mchunga, ile mboga chungu ya porini, asubuhi na jioni hadi tukasahau chumvi ina ladha gani. Na upo ule mwaka wa vita ambao kila aliyekaa Changamwe anaukumbuka bila kukumbushwa, mwaka wa mahindi ya manjano. Yalikuja kwa meli, ndani ya magunia yenye harufu ya chumba kilichofungwa, magumu kama kokoto za reli, na sima yake ukiila ulijihisi umekula gunia lenyewe. Watoto waliikataa, wakapigwa, wakaila. Wakubwa hatukuwa na wa kutupiga, tukaila tu. Naanzia mwaka huo kwa sababu Jumatatu hii tumemzika mwanamke aliyeyatungia wimbo mahindi yale, mwenzangu wa kinu, na nikimkumbuka kwa mwaka mwingine wowote nitakuwa nawadanganya.

Nyinyi mnaonisoma kwenye safu hii mnanijua. Shule nilisoma miezi, si miaka, na herufi nilizikamata nikiwa tayari nina wajukuu wa kunisahihisha. Sitawahubiria, wapo wenye kanzu zao kwa kazi hiyo. Nitasema niliyoyaona kinu kikiwa katikati yetu, yeye upande ule na mimi upande huu. Alikuja Changamwe akiwa mke wa mtu aliyepata kazi kwenye matangi ya mafuta. Huko kwao bara alikuwa manju, yule anayetunga nyimbo za ngoma na kuziongoza, na watu walikuwa wakitembea siku nzima kuja kumwalika arusini. Alipoingia darasa la ubatizo aliambiwa, kama sote tulivyoambiwa, kwamba ngoma na nyimbo zake zibaki nje. Akaziacha nje kweli. Hakuwa mtu wa nusunusu. Mwaka mzima hakuimba ila zile nyimbo za kitabuni, na hizo aliziimba kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeazimwa nguo na anachelea kuichafua. Nilimwuliza siku moja, "Shoga, sauti yako ile kubwa umeipeleka wapi?" Akanijibu, "Imekaa. Haijaitwa."

Ikaitwa na mahindi ya manjano. Aliyewahi kutwanga anajua kwamba kinu cha watu wawili hakitaki fikira, kinataka zamu. Mchi wako ukipanda wangu unashuka, na ukichelewa hata kidogo michi inagongana na mkono unakufa ganzi hadi kwapani. Ndiyo maana wanawake huimba wakitwanga. Wimbo ndio unaopanga zamu. Sasa mahindi meupe unayamaliza kwa wimbo mmoja au miwili, lakini yale ya manjano, hata ukiyaloweka usiku kucha, yalitaka nyimbo zote ulizozaliwa nazo, na za ngoma tulikatazwa, na za kitabuni hazikuwa na mahali pa mchi kutua. Tulitwanga kimya siku nyingi. Michi ikagongana, tukatukanana kidogo, tukaombana radhi. Ndipo asubuhi moja, viganja vyake vimechubuka hadi anaushika mchi kwa kipande cha leso, akatoa ile sauti yake, si ya kuazima, akasema na Mungu:

Bwana, tuliomba meupe,
umetuletea manjano.
Mikono imechubuka,
shuka utwange nasi.

Mistari minne, basi. Yeye akiita wa kwanza na wa tatu, mimi nikiitika wa pili na wa nne. Msidhani ulimdondokea mdomoni ukiwa umeiva. Alikaa nao siku nyingi. Kwanza alisema "njaa imetuchosha", akautupa, akasema kila mtu amechoka, Mungu hahitaji kuambiwa. Akajaribu "tazama mikono yetu", akautupa. Alikuwa akisimamisha mchi juu, macho ameyafumba, mimi nangoja nimekasirika, nasema, "Mamangu, tutakula lini?" Naye, "Ngoja, neno halijatua." Likitua aliuachia mchi, na mahindi yenyewe yalijua. Siku alipomaliza aliweka mchi chini, akasema kwa Mungu wimbo wote tangu mwanzo hadi mwisho, bila kutwanga, kama mtu anayekabidhi kitu. Kisha akanigeukia: "Huo sasa si wangu."

Wimbo ukatembea. Kwenye vibanda vya wafanyakazi wa reli waliuimba, mtoni wanawake waliuimba wakifua. Jirani yetu Mwislamu, mama wa watu wa zamani hapa, aliyejenga ukuta ili asituone lakini hakuweza kuepuka kutusikia, alipiga hodi siku moja na kanga yake kichwani. "Nyinyi wanawake wa kanisani," akasema, "mwataka kuniponza. Leo nimekoboa mahindi yangu, najisikia nasema shuka utwange nasi. Wallahi, nikanyamaza, nikaomba toba!" Mwenzangu akamwuliza, "Na mahindi yaliisha upesi?" Yule mama akaangalia pembeni. "Yaliisha," akasema, "hilo siwezi kulikana," akacheka hadi kanga ikamwanguka.

Lakini yupo aliyesikia na hakucheka. Mwalimu wetu wa kanisa alikuwa mtu mwema, nasema mapema ili msije mkamchukia. Alitufundisha sala kwa subira ambayo mumeo hana. Mwezi huo tulikuwa tunamngoja Askofu aje kutuwekea mikono, na aliyewekewa mikono ndiye aliyeruhusiwa kukaribia meza ya Bwana. Jina la mwenzangu lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Nataka mwelewe jambo hili, vijana mnaoiendea meza leo mkipiga miayo. Yeye aliitamani meza ile kama mtu wa mwaka ule alivyotamani sima nyeupe. Kila Jumapili watu wakienda mbele, sisi wa darasa tukitolewa nje, yeye alisimama dirishani kuhesabu migongo ya waliopiga magoti. Alishona gauni jeupe la siku hiyo kutokana na shuka yake ya arusi.

Mwalimu akaja hadi kinuni. Tukaacha kutwanga, tukamsalimu. Akauliza, "Wimbo huu ni wako, mama?"

"Nilikuwa nao," akajibu mwenzangu. "Nimeshautoa."

"Ni mzuri. Nataka uimbwe siku ya Askofu, nawe uuongoze. Lakini mstari wa mwisho hauna adabu. Unamwambia Mwenyezi Mungu ashuke ashike mchi? Hata mimi mwanamume wa kawaida simshikii mke wangu mchi."

"Tunajua, Mwalimu," nikasema mimi, na Mwalimu akajifanya hakunisikia.

Akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameshahesabu silabi kwa vidole, mtu makini yule. Badala ya shuka utwange nasi, tuseme shuka utubariki. Ilitoshea barabara, hata sikio langu halikuona pengo. Mwenzangu akauegemeza mchi wake kinuni. Akasema, "Kubariki alikwisha kutubariki. Kazi ndiyo imebaki."

"Mama, ni neno moja."

"Ni lile lenyewe. Mwalimu, wewe ulinifundisha kwamba Mwana wa Mungu alishuka, akafanya kazi ya mikono, akapata malengelenge kama watu. Au nilisikia vibaya?"

"Hukusikia vibaya. Lakini alikuwa seremala. Kutwanga ni kazi ya wanawake."

"Basi hakuimaliza kazi," akasema, "ndiyo maana namwita arudi."

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mwalimu akaikunja karatasi polepole. Alisema, bila ukali, na upole wake ndio uliouma, kwamba mtu asiyekubali kusahihishwa na kanisa hawezi kuletwa mbele ya Askofu. Aubadilishe wimbo, au jina lake litoke kwenye orodha. Nikamfinya paja. Nikamnong'oneza, "Gauni lako, wewe! Fikiria gauni lako." Akauondoa mkono wangu pajani. Kisha akasema: "Siubadilishi. Mungu ameshausikia ulivyo."

Jina likatoka. Wimbo haukutoka, kwa sababu Mwalimu alikuwa ameshampelekea Askofu habari kwamba wanawake wa Changamwe watamwimbia wimbo wa kinuni. Akahitaji mtu wa kuuongoza. Na wasomaji wangu, mimi nimewasema wengi kwenye safu hii, leo zamu yangu: aliyekubali kuuongoza ni mimi. Nilijiambia nafanya hivyo ili wimbo wa rafiki yangu usipotee. Uongo. Nilitaka meza, na nilitaka kusimama mbele. Nilimwendea kumweleza, akanisikiliza akipepeta, ungo haukusimama. "Uimbe," akasema. "Lakini usije ukaniambia ni wangu." Tukaendelea kutwanga pamoja, maana kinu kilikuwa kimoja na njaa haikujua ugomvi, lakini tulitwanga bila kuimba, na michi ilianza tena kugongana.

Majuma mawili Mwalimu alitufundisha maneno mapya kanisani, tumesimama safu, mikono ubavuni, kama askari. Tukayashika vizuri sana. Shuka utubariki, shuka utubariki. Angeishia hapo asingepata taabu. Lakini asubuhi ya siku yenyewe akapata wazo la kumfurahisha mgeni: akaleta kinu mbele ya kanisa, michi miwili, na mahindi ya kweli ndani yake, tutwange tukiimba, Askofu aone. Sikumkataza. Hata mimi niliyetwanga tangu meno yangu ya kwanza sikuona kosa liko wapi.

Nikaushika mchi. Upande wa pili akashika mke wa karani mmoja, msichana wa kusaga kwa mashine. Nikaita mstari wa kwanza, kwaya ikaitika. Nikaita wa tatu, wakaitika shuka utubariki, na Mwalimu akatabasamu. Mzunguko wa pili yule msichana akachelewa, michi ikagongana, mahindi yakaruka sakafuni. Mzunguko wa tatu yakaruka zaidi. Kanisa zima likavuta pumzi, si kwa ajili ya wimbo, bali kwa sababu mwaka ule punje sakafuni ilikuwa dhambi ambayo hata mpagani aliijua. Ndipo nikasikia sauti kutoka mlangoni: "Mnamwaga chakula!" Alikuwa yeye, na nguo yake ya kila siku, gauni jeupe ameliacha sandukuni. Akaja mbele bila kumtazama mtu, akamnyang'anya yule msichana mchi, akaanza kutwanga. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa kama mlango wa duka siku ya Idi. Hakuimba hata neno. Alitwanga tu, zamu yake, zamu yangu, zamu yake, kama tulivyotwanga mwaka mzima.

Na mimi, na mchi wake ukishuka mbele ya pua yangu, nikaita mstari wa tatu, na nilipofika mahali pa kuitikiwa nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiitika shuka utwange nasi. Naapa sikukusudia. Mikono ndiyo iliyokumbuka. Wanawake wa nyuma, ambao hawakufundishwa kitu, wakaupokea kwa furaha. Wale wa kwaya wakayumba, mmoja mmoja, hadi wote wakaanguka upande wetu, na miguu ikaanza kupiga sakafu mahali mchi unapotua. Mwalimu alisimama ameinua mkono na haukujua pa kwenda. Tukatwanga mpaka mahindi yakawa unga. Yeye akaokota punje zilizoanguka, akazirudisha kinuni, akauegemeza mchi, akarudi mlangoni. Askofu, ambaye Kiswahili alikijua kuliko tulivyodhani, alimwuliza Mwalimu, "Yule mama hawekewi mikono leo?" Mwalimu akasema, "Bado, Baba." Askofu akafungua kitabu, ibada ikaendelea. Nikawekewa mikono. Niliiendea meza siku ile na mkate ukanipalia, maana nilijua dirishani kuna mtu anahesabu migongo, na wangu umo.

Msifikiri kwamba nasimulia haya kuzidharau nyimbo za kitabuni. Nazipenda. Nimelia nazo, nimezalisha wanawake nikiziimba. Waliozitunga walikuwa watu wenye mikono yao na njaa zao. Lakini tuliaminishwa kwamba imani ni kitu kinachofika kimekwisha kupikwa, na kazi yetu ni kula na kusema asante, na kwamba mtu akitunga chake ni kiburi au ni ushetani wa ngoma umerudi kupitia mlango wa jikoni. Mwenzangu hakubishana na jambo hilo kwa maneno mengi. Aliamini kwamba Mungu aliyemwumba alimwumba na sauti ile ile kubwa, hakuiokota baadaye arusini, na kwamba kumwendea Mungu huku umeiacha sauti yako nje ni kwenda nusu mtu. Tena hakuwa mkaidi, kama baadhi yenu mtakavyosema. Kabla ya kuutoa wimbo aliubadilisha mara kumi, na angeubadilisha mara mia kama neno lingekuwa baya. Alikuwa mkali kwa maneno yake kuliko Mwalimu alivyokuwa. Lakini wimbo aliuomba, na sala ikishasemwa kwa kweli huirudii ukamwambia Mungu samahani, nilikuwa namaanisha kitu cha heshima zaidi. Fundi anajua kazi ikiisha. Mwenye imani anajua amesema na nani. Yeye alikuwa vyote viwili, na sikupata kuona mahali vilipogombana.

Alikaa nje ya meza miaka miwili. Hakuacha kanisa hata Jumapili moja. Alisimama dirishani kwake, akahesabu. Mimi na yeye tulipatana mapema kuliko nilivyostahili. Nilimwambia, "Nisamehe," akanijibu, "Ulipoitika siku ile nilishakusamehe, sasa niletee maji." Kisha mke wa Mwalimu akaugua mgongo, akalala kitandani wiki nyingi. Mchana mmoja mwenzangu anapita nyuma ya nyumba yao na kuni kichwani akasikia mchi. Mchi mbaya, aliniambia, mchi wa mtu anayepiga nyoka. Akachungulia uani. Mwalimu, kanzu ameifunga kiunoni, miwani imeteremka, jasho linamwagika, anatwanga. Na ili apate zamu anaimba. Na anachoimba, ndugu zangu, ni shuka utwange nasi. Si ile yake ya kwenye karatasi.

Mwenzangu akatua kuni. Angeweza kucheka; mimi ningecheka hadi Likoni wanisikie. Hakucheka. Aliokota mchi wa pili, akasimama upande wa pili, akatwanga naye mahindi yote, bila kusalimu. Yakiisha Mwalimu akajifuta uso, akasema, "Mama, sikujua ni kazi kiasi hiki." Naye akasema, "Ndiyo maana tulimwita." Jumapili iliyofuata jina lake likasomwa, na Askofu alipokuja tena akavaa lile gauni jeupe, limeshabana kifuani. Nilimfuata nyuma hadi mezani ili safari hii niuone mgongo wake.

Sasa amekufa, kwenye mwaka ambao sima ni nyeupe na wajukuu wetu wanachagua mboga. Matangani walinijia vijana wawili wa kamati inayokusanya nyimbo za kwetu zichapwe kitabu cha makanisa ya pwani. Wamevaa vizuri, wana adabu, waliniamkia shikamoo hadi chini. Walisema wimbo wa marehemu lazima uingie, ni fahari yetu sote, nami niliyebaki ndiye niwape maneno sawasawa. Nikajawa na kiburi, nakiri. Nikawaambia mistari minne, mmoja akaandika, akafika wa mwisho, akasimamisha kalamu. "Bibi," akasema, "huu wa mwisho, kamati inaona kwa kitabu cha ibada ingefaa tuseme shuka utubariki. Tumesikia hata wewe mwenyewe uliwahi kuuongoza hivyo. Inatoshea kabisa." Mwalimu, mzee sasa, alikuwa ameketi mkekani karibu nasi. Aliinua kichwa akanitazama mimi, si wao. Yule kijana akaniambia kwamba nisipokubali wimbo hautaingia kitabuni, na ni hasara, maana sisi tunakufa na kitabu hakifi. Nikaiangalia mikono yangu, na nikawajibu kwa sauti ambayo hata jikoni waliacha kuosha vyombo:

"Siubadilishi. Mungu ameshausikia ulivyo."